GTX 1650, RX 580, RTX 3050 ya 6GB au RX 6600: ipi inaendana na desktop yako ya mtumba?

Wakuu, hii naiandika kwa ajili ya yule mwenye Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, zile desktop za ofisini zilizotumika Ulaya zikaletwa huku, unaikuta Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi ikiwa na i5 na ramu 8GB kwa hela ambayo dukani hupati kompyuta mpya ya maana. Mashine zenyewe ni ngumu, zinadumu, ila grafiksi yake ni ile ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, kwahiyo ukitaka gemu kama FC ya mpira au GTA V unashusha setingi zote na bado inakatakata. Hapo ndo mtu anaanza kuulizia kadi, na akiuliza watu kumi anapewa majina yaleyale manne: GTX 1650, RX 580, RTX 3050 ya 6GB na RX 6600 (GTX na RTX ni za kampuni ya Nvidia, RX ni za AMD).

Zote nne ni kadi zinazofaa. Lakini kila moja inadai kitu tofauti kutoka kwenye mashine yako, na hapo ndipo watu wanapoumia, mtu anajibana anakusanya hela ananunua kadi, anafika nyumbani kava haifungi, au inafunga ila kwenye saplai hakuna waya wa kuipa umeme, sasa anarudi dukani kuanza kubembeleza abadilishiwe. Inaniuma kila nikiona hivyo kwasababu hela ilikuwepo na kadi nzuri ilikuwepo, kilichokosekana ni dakika tano za kufungua kava na kuangalia ndani. Kwahiyo tuanze na mashine, kadi zitafuata.

Vya kuangalia kabla ya jina la kadi

Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni umeme. Sloti ya kadi kwenye mazabodi inatoa wati 75 tu, basi. Kadi inayokula zaidi ya hapo lazima iletewe waya wake kutoka kwenye pawa saplai, wa pini 6 unaongeza wati 75 na wa pini 8 unaongeza wati 150. Sasa zima kompyuta, chomoa waya, fungua kava usome stika ya saplai: OptiPlex nyingi utakuta wati 240, tawa (zile kesi kubwa za kusimama) za zamani kidogo kama 9020 ni 290, EliteDesk 800 G1 tawa ni 320, na mara nyingi waya wa pini 6 au 8 wa kadi haupo kabisa. Unaweza kubadili saplai, ila Dell na HP wanapenda kutumia plagi zao wenyewe kwenye mazabodi badala ya ile ya kawaida ya pini 24, kwahiyo utahitaji na adapta ya modeli yako hasa, na kwenye kesi ndogo saplai ya kawaida haiingii hata ukilazimisha.

Naomba nisisitize jambo moja hapa. Kuna vile viadapta vinavyotoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya hadi disk, na kuugeuza kuwa pini 6 au 8. Plagi ya SATA upande wa volti 12 imetengenezwa kubeba wati 54 tu, ukiipa kadi inayovuta zaidi plastiki inaanza kuyeyuka na unaweza kuunguza nyumba. Fundi akikwambia "haina shida hii, inafanya kazi" mwambie hapana, asante.

Cha pili ni nafasi. Tawa inaingia kadi ya kimo cha kawaida, ila pima urefu mpaka kwenye kibanio cha hadi disk. SFF, ile iliyolala nyembamba, inataka kadi fupi za low profile pamoja na kibati chake kifupi, na hata hiyo pima unene, kadi nyingi zinakaa nafasi ya sloti mbili na kuna SFF ambazo sloti ndefu ipo pembeni imebanana na saplai. Ile Micro ndogo kama kitabu haina sloti ya kadi, hiyo iache ifanye kazi za ofisi.

Prosesa na monita ni kitu kimoja kwa mtazamo wangu, maana vyote vinakuwekea kikomo. i5-6500 au 7500 ina kori nne bila nyuzi za ziada, ukiipa kadi kubwa kwenye gemu za sasa prosesa inagonga asilimia 100, kadi inasubiri, na we unaona gemu inashtukashtuka. i7-6700, au i5-8500 yenye kori sita, inapumua zaidi. Na kama monita yako ni ya 1080p na Hz 60 basi fremu 140 kwa sekunde hutaziona hata ukizilipia.

Kingine ni memori ya kadi na maisha ya draiva, yaani ile programu ya kampuni inayoiendesha kadi kwenye kompyuta. Gemu za zamani 4GB zinatosha, za miaka ya karibuni zinaomba 6 na 8, ukipungukiwa picha za kuta na vitu ndani ya gemu zinakuja na ukungu alafu fremu zinadondoka ghafla. Draiva ndo inayoamua gemu ya mwakani itawaka au haitawaka.

Bei zenyewe sitaziandika hapa maana dola inapanda inashuka na kila duka lina lake, ila mpangilio wa kawaida ni RX 580 ya used chini kabisa, inafuata 1650, alafu 3050 ya 6GB, alafu RX 6600. Ukipiga hesabu jumlisha kila kitu, kadi, saplai, adapta, na ramu kama una kijiti kimoja cha 8GB, ukifanya hivyo huo mpangilio unaweza kugeuka kabisa.

GTX 1650

Umeme na nafasi: Ilitoka Aprili 2019, inakula wati 75, nyingi hazihitaji waya wowote, unachomeka kwenye sloti unawasha. Zipo low profile pia. Angalizo: mwaka 2020 ilikuja ya memori ya GDDR6 ambayo ina kasi zaidi kidogo, lakini baadhi ya hizo zina tundu la pini 6, kwahiyo usinunue kwa jina, igeuze uone kwa macho yako.

Kwenye gemu: eFootball, Valorant, GTA V ya zamani, Fortnite ukiweka setingi za chini, zote zinaenda vizuri kwenye 1080p. Gemu nzito kama Cyberpunk 2077 inacheza kwenye Low ukivumilia fremu thelathini na kitu. Haina DLSS (teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu kwa kuchora picha ndogo na kuikuza) kwasababu ni GTX, ila FSR, ya aina hiyohiyo kutoka AMD, inafanya kazi humo bila tatizo na inasaidia kweli.

Memori na maisha ya mbele: 4GB, hapa ndo imebanwa. Haina vifaa vya ray tracing (kuchora mwanga na vivuli kama vya kweli), kwahiyo gemu zinazolazimisha hicho kitu, mfano Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025, haziwaki kabisa humo. Draiva bado ziko hai.

Inamfaa nani: mwenye saplai ya wati 240 ambaye hataki kugusa kitu kingine, gemu zake ni mpira na zile za mtandaoni, na bajeti ndo hiyohiyo.

RX 580 ya 8GB

Hii nitakaa nayo kidogo kwasababu ndo yenye maneno mengi.

Umeme na nafasi: Aprili 2017, wati 185, pini 8, na AMD wanashauri saplai ya wati 500. Kwahiyo kwenye OptiPlex ya kawaida hii haichomekwi bila kubadili saplai, hakuna njia ya mkato. Ni ndefu na nene, SFF isahau. Inatoa joto, na kwa Dar, Tanga au Mombasa chumba kisicho na feni kadi hii inaunguruma jioni nzima. Ukilinganisha na kadi ya wati 70, ukicheza masaa manne kila siku tofauti ya wati 115 inafika karibu uniti 14 kwa mwezi, na wale wa LUKU (mita za umeme wa kulipia kabla, Tanzania) wanaojitahidi kubaki chini ya uniti 75 wanajua uniti 14 ni nini.

Kwenye gemu: inaizidi 1650 kwa kiasi kinachoonekana, na kwenye gemu zinazokula memori ile 8GB inaibeba unaweka picha za High bila kukatakata. FSR ipo, DLSS hakuna.

Memori na maisha ya mbele: memori ni nzuri, kadi yenyewe ni mzee. AMD walishaitoa kwenye draiva kuu, inapata updeti za mara mojamoja, na ray tracing haina. Halafu kuna historia. Hizi ndo kadi zilizochimba Ethereum (sarafu ya kidijitali) usiku na mchana, tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha kuchimbwa kwa kadi za grafiksi na mzigo wote ukamwagika sokoni, sehemu ukafika mpaka kwetu. Kadi ya mgodi sio lazima iwe mbovu, chipu yenyewe mara nyingi ni nzima, kinachochoka ni feni na memori.

Ukienda kuinunua fanya hivi, na muuzaji akikataa ondoka. Ichomekwe kwenye mashine mbele yako. Fungua programu ya GPU-Z, ni ya bure, angalia idadi ya shaders (vitengo vidogo vya kazi ndani ya chipu): RX 580 halisi ni 2304, ukiona 2048 ujue ni ile toleo la 2048SP ambayo kiuhalisia ni RX 570, inafanya kazi lakini ilipwe bei ya RX 570. Kisha washa FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mzito, dakika kumi na tano, angalia joto, sikiliza feni, tafuta vidoti vya rangi au mistari kwenye skrini, ukiona hata kimoja memori inakufa. Na kama draiva ya AMD inakataa kuingia mpaka "ipachiwe" basi biosi ya kadi (programu ndogo iliyomo ndani yake) ilichezewa kwa ajili ya uchimbaji, inaweza kurudishwa ya mwanzo ila bei ishuke.

Inamfaa nani: mwenye tawa yenye saplai ya kawaida ya wati 500 ya ukweli, anayejua kukagua au ana fundi wake wa kuaminika, na anataka 8GB kwa hela ndogo kabisa.

RTX 3050 ya 6GB

Umeme na nafasi: Februari 2024, wati 70, karibu zote hazina tundu la waya. Zipo low profile za MSI, Gigabyte na ASUS. Kwa mashine za ofisini hii ni kama imetengenezwa kwa ajili yao. Ila jina linachanganya watu: kuna RTX 3050 ya 8GB ya Januari 2022, hiyo ni kadi nyingine, ina nguvu zaidi, inakula wati 130 na inataka waya. Soma boksi, soma na kadi yenyewe, muuzaji anaweza kukwambia "3050" akaishia hapo.

Kwenye gemu: inaipita 1650 kwa kiasi unachokiona kwa macho, alafu inakuja na DLSS, ambayo kwenye gemu zinazoikubali inakuongezea fremu na picha inabaki safi kuliko FSR ya zamani. Ray tracing inayo kwa maana ya kwamba gemu inayolazimisha itakubali kuwaka, usitegemee kuifurahia, na kwa hizo gemu mbili nilizotaja mahitaji rasmi ni 8GB kwahiyo 6GB iko chini ya mstari.

Memori na maisha ya mbele: 6GB ni ya kati, leo inatosha kwa 1080p ukiwa mpole kwenye setingi za picha. Draiva hapa ndo yenye uhakika zaidi kati ya zote nne. Na kama unaedit video za harusi, unatengeneza thumbnail, unajifunza Blender au unastrimu, kadi za Nvidia zinapokelewa vizuri na hizo programu, enkoda yake (sehemu ya kadi inayorekodi na kubana video) ni nzuri kuliko ile ya 1650 ya mwanzo.

Inamfaa nani: mwenye SFF, mwenye saplai ndogo, anayefanya kazi na kucheza kwenye mashine hiyohiyo, na anayetaka kitu kipya chenye risiti na warantii.

RX 6600

Umeme na nafasi: Oktoba 2021, wati 132, pini 8 moja, AMD wanashauri saplai ya 450. Kwa nguvu inayotoa inakula umeme kidogo sana, ni kadi ninayoiheshimu kwa hilo. Lakini kwenye OptiPlex bado ni hadithi ya saplai na adapta, na SFF haiingii. Kabla ya kuichomeka kwenye mashine ya zamani updeti biosi kwanza na uhakikishe inawaka kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta), la sivyo unaweza kukaa na skrini nyeusi ukadhani umeuziwa mbovu.

Kwenye gemu: karibu mara mbili ya 1650. Hii inachezesha gemu za sasa kwenye 1080p High, Cyberpunk inakaa kwenye 60 au jirani bila ray tracing, mradi prosesa iwe ya maana. Ndo shida yenyewe, ukiiweka kwenye i5-6500 unalipia kadi nzima unatumia nusu. Inatumia njia 8 za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi) badala ya 16, kwenye mazabodi za zamani za PCIe 3.0 unapoteza kidogo tu, usikose usingizi kwa hilo.

Memori na maisha ya mbele: 8GB ya GDDR6, na ndiyo iliyotajwa kwa jina kwenye mahitaji ya chini ya ile gemu ya Indiana Jones upande wa AMD. Mwisho wa Oktoba 2025 AMD waliziweka RX 5000 na RX 6000 kwenye tawi la pembeni la draiva, watu wakapiga kelele, kampuni ikafafanua kwamba msaada unaendelea. Kwahiyo ipo, lakini sio mtoto pendwa tena. Kwa kustrimu na kuedit inafanya, ila Nvidia wako mbele.

Inamfaa nani: mwenye tawa, i7 au prosesa ya Intel ya kizazi cha nane (mfano i5-8500) kwenda juu, aliye tayari kuweka saplai nzuri, na ambaye kompyuta yake kazi yake ya kwanza ni gemu.

Majina mengine utakayopewa dukani

GTX 1050 Ti bado inauzwa sana. Ilikuwa kadi nzuri mno, ila Nvidia walifunga draiva za gemu za kizazi hicho Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu mpaka 2028. Pia ndo jina linalofojiwa sana, kadi za zamani zinawekewa biosi ya uongo zisomeke 1050 Ti, GPU-Z inaandika FAKE mbele ya jina ukiona hivyo kimbia. RX 6400 ni ndogo na haitaki waya, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe na kwenye mashine hizi za PCIe 3.0 inaumia vibaya, tena haina enkoda ya kurekodi. Kadi za Intel Arc zinataka Resizable BAR (setingi inayoiruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mara moja), desktop nyingi za umri huu hazina, ziache. RTX 3060 ya 12GB ina nguvu inayokaribiana na RX 6600 na kuipita kidogo, memori nyingi na faida zote za Nvidia, ila ni wati 170, ukiipata used kwa bei nzuri na saplai unayo, ifikirie kwa uzito.

Sasa we uko upande gani?

Una SFF: chaguo ni 1650 low profile au 3050 ya 6GB low profile, hizo mbili tu, na tofauti ya bei ikiwa ndogo chukua 3050.

Una tawa yenye saplai ya 240 mpaka 320 na hutaki kuibadili: hizohizo mbili. Usidanganyike na RX 580 ya bei chee, ukijumlisha saplai na adapta unajikuta umeifikia 3050 mpya.

Una tawa, una i7 au i5 ya kizazi cha nane, na hela inaruhusu saplai: RX 6600 kwa gemu, RTX 3060 kama kuna kuedit ndani yake. Saplai nunua yenye jina, hasa kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo, na UPS au stabilaiza iwepo.

Saplai ya 500 tayari unayo na mfukoni kumekaza: RX 580, kwa masharti yote ya ukaguzi niliyoandika, na omba angalau wiki moja ya kurudisha.

Unafungua kibanda cha gemu chenye mashine kadhaa zinazowaka kutwa: hapo hesabu ya umeme na joto inatangulia kila kitu, wati 70 mara mashine zako zote ni tofauti kubwa na wati 185, na wateja wako wengi wanakuja kucheza mpira ambao 1650 na 3050 zinaumudu.

Prosesa yako ni i5 ya kizazi cha tatu au cha nne na ramu ni kijiti kimoja cha 8GB: ongeza kijiti cha pili, weka SSD kama bado, chukua 1650 ya used iliyokaguliwa, na hela inayobaki iweke kwa ajili ya mashine ya kizazi cha nane, hiyo kadi utahama nayo.